Paipu ya Tatu Nyuma ya Altaneta

Altaneta nzuri kuliko zote nilizowahi kufunga karibu iwaue mwanamke mmoja na mama yake mzazi. Naanza na hilo msije mkadhani huyu mzee ameketi kujisifu. Kujisifu nitajisifu kidogo, maana nimefanya kazi ya waya za magari zaidi ya miaka thelathini na sina haya nayo. Lakini nyinyi mnaojifunza sasa mtafaidika zaidi nikiwaambia nilipoharibu.

Nilikuwa fundi wa waya mjini Kitui. Sasa nimestaafu, niko nyumbani na kuku wangu na mizinga mitatu ya nyuki wanaoniuma bila kujali umri. Binti yangu Mwende alininunulia simu kubwa, na humo nawaona vijana mkifundishana kubadilisha altaneta ya gari kuukuu, ile mashine inayochaji betri, kwa dakika nane, muziki ukipiga. Mna akili nyinyi, tena mikono yenu ni misafi kuliko yetu ilivyokuwa. Tatizo ni kwamba video inaisha pale gari linapowaka, na kazi yenyewe ndipo inaanzia.

Mimi sikufundishwa na video. Nilifundishwa Kibwezi, kando ya barabara ya Mombasa, na mzee mmoja mfupi aliyeitwa Kilonzo. Hakuwa na mita ya kupima umeme. Alikuwa na balbu moja ya taa ya nyuma iliyounganishwa na waya mbili, na kwa balbu hiyo alijua mengi kuliko kompyuta zenu. Alinifundisha kushika waya kwa mkono gari likiwa limewaka kwa muda, taa zote zikiwa zimewashwa. Waya ukiwa baridi, mshukuru Mungu. Ukiwa moto, waya huo ni mwembamba kwa kazi uliyopewa, na siku moja utaungua. Mpaka leo nikiingia gari la mtu najikuta napapasa chini ya dashibodi, na Mwende ananiona aibu.

Kuna mchezo mmoja tulikuwa nao zamani. Ukitaka kujua kama altaneta inachaji, unachomoa waya wa betri injini ikinguruma. Ikizimika, altaneta ni mbovu; ikiendelea, ni nzima. Kilonzo alinikataza. Siku moja ameenda kunywa chai, likaja basi la kwenda Mombasa, taa zake hafifu. Nikajifanya bingwa, nikachomoa. Altaneta ilikuwa nzima. Baada ya kuchomoa haikuwa nzima tena, maana umeme ukikosa betri ya kuutuliza hupanda ghafla na kuunguza diodi na regyuleta, vile vipande vya ndani vinavyoongoza umeme. Abiria wakakaa Kibwezi mchana kutwa wakila matikiti maji na kunitazama.

Kilonzo hakunipiga wala hakunitukana. Alinishika mkono, akanipeleka mbele ya abiria wale, akaniambia niwaeleze kwa mdomo wangu nilichofanya. Wallahi ningependa kupigwa. Nilieleza nikitazama viatu vyangu, na mama mmoja akanikatia kipande cha tikiti kwa huruma. Kwa hiyo mkiona mtu anachomoa betri gari likiwaka, hata awe mwalimu wenu, msimuige.

Sasa nije kwa Syombua. Huyu alikuwa daktari wa mifugo, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Alikuwa na gari refu la four-wheel, la dizeli, lililowazidi wengi wenu umri, na rangi yake ya kwanza hakuna aliyeikumbuka. Aliliita Nzou, yaani tembo kwa Kikamba, kwa sababu lilikuwa na kelele, lilipita popote na halikujua haraka. Kazi yake ilikuwa kupeleka chanjo za mbuzi na kuku hadi Tseikuru, kaskazini kabisa, kule ambako jua halina mzaha. Chanjo ikipata joto inakuwa maji tu. Unamdunga mbuzi maji, mwenye mbuzi anakushukuru, na baada ya wiki mbuzi anakufa na jina lako linakufa naye.

Alikuwa amefunga friji mbili ndogo nyuma ya gari na taa za ziada mbele, na ile altaneta ya asili ilikuwa imezidiwa. Betri ilikuwa haijai, friji zinazimika njiani. Alikuwa ameshamwaga chanjo za safari nzima mara mbili, na mara ya pili alilia akizimwaga, akaniambia mwenyewe bila kuficha. Nilimpenda kwa hilo. Mtu anayelilia kazi yake nitamfanyia kazi hata Jumapili baada ya kanisa.

Kwanza tulihesabu walaji. Hivi ndivyo mfanye: kabla hujatafuta altaneta kubwa, andika kila kitu kinachokula umeme katika gari hilo, ujumlishe ampia, halafu uongeze nafasi ya kupumua. Pia pima betri, kwa sababu altaneta kubwa haifufui betri iliyokufa. Ya Nzou ilikuwa nzima. Nikatafuta mitumba ya vipuri mpaka nikapata altaneta iliyotoka kwenye gari la petroli, yenye nguvu mara mbili na zaidi ya ile kuukuu. Haikuwa na braketi ya kukaa kwenye injini ile, nikamwendea mchomeleaji akaniundia.

Ile kazi niliifanya kwa raha, acha niisimulie. Puli, yale magurudumu ya mkanda, nilizinyoosha kwa uzi, puli ya injini na puli ya altaneta zikatazamana sawasawa, maana zikipishana hata kidogo mkanda utalia kila asubuhi na kukatika ukiwa mbali na nyumbani. Waya wa kuchaji wa zamani niliutoa kabisa. Magari yale yana saa ya ampia kwenye dashibodi, na chaji yote hupita nyuma ya saa ile kabla ya kufika kwenye betri. Ukiacha njia hiyo na kuleta altaneta kubwa, utaunguza dashibodi pamoja na magoti ya dereva. Nikavuta waya mnene kama kidole, wa shaba, moja kwa moja hadi kwenye betri, na fyuzi kubwa karibu na betri. Athi nayo nikaiwekea waya mpya, injini hadi bodi, bodi hadi betri, nikakwangua rangi mpaka chuma kikang'aa. Vijana wengi husahau athi, wakati umeme ukienda lazima uwe na njia ya kurudi. Nikamalizia kwa kukaza kila waya kwa vifungo vyangu vyekundu vya plastiki. Mafundi wengine walitumia vyeusi. Vyekundu vilikuwa vyangu, na popote Kitui ukifungua boneti ukaviona, ulijua ni mkono wa nani.

Hapo ndipo kiburi kilipokaa.

Altaneta za magari ya dizeli ya zamani mara nyingi hubeba kitu mgongoni. Ni pampu ndogo ya vakyumu, inayozungushwa na altaneta yenyewe. Kazi yake ni kunyonya hewa kutoka kwenye lile dude la duara lililo mbele ya pedali ya breki, ambalo humsaidia dereva kukanyaga. Bila msaada huo breki zipo, lakini unazikanyaga kana kwamba unasukuma ukuta. Altaneta niliyoleta mimi ilitoka kwenye gari la petroli, na haikuwa na pampu.

Mtaniuliza, wewe mzee wa miaka yote hiyo hukujua? Nilijua pampu ilikuwapo. Lakini kule kwetu, kwenye vibanda vya mafundi wa jua kali, kulikuwa na mpaka. Fundi wa waya hashiki paipu, makanika hashiki waya. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, lakini ukiivunja utapigiwa kelele mpaka sokoni, na paipu uliyoigusa ikivuja kesho, ni wewe. Kwa hiyo nilimwita Mutisya, makanika wa kibanda cha jirani, rafiki yangu wa miaka mingi tuliyekuwa tukibishana juu ya kila kitu isipokuwa chai. Nilimwambia aje atoe paipu zake ili nitoe altaneta yangu.

Paipu zilikuwa tatu. Mbili zilikuwa za oili, moja ya kuleta na moja ya kurudisha. Mutisya alizifunga vizuri sana, tone halikutoka. Ya tatu ilikuwa kavu, haina oili, haina maji. Yeye akaona hiyo si ya makanika, lazima ni ya mambo ya altaneta, yaani yangu. Mimi nikaona ni paipu, na paipu ni zake. Kama ameiacha wazi, basi ni ya kupumulia tu. Hatukuulizana. Nilichukua kifungo chekundu, nikaikaza pembeni isicheze. Ilipendeza.

Chaji ilikuwa ya ajabu. Syombua aliwasha friji zote mbili na taa zote, na mita yangu haikutikisika. Alinishukuru mpaka nikaona haya. Baada ya siku mbili akarudi.

"Baba Mwende, hii gari sasa chaji iko sawa, lakini brake imekuwa ngumu. Nakanyaga na nguvu yote."

"Daktari, hiyo si wiring," nikamwambia. "Hiyo peleka kwa Mutisya."

Hata sikuinuka kwenye kiti, na kitendo hicho kinaniuma kuliko vyote. Alienda kwa Mutisya, na Mutisya akafanya alichojua. Alibadilisha pedi, akatoa hewa kwenye mfumo, akamwambia pedi mpya ni ngumu mwanzoni, zitazoea. Syombua akaenda Tseikuru na kurudi, na kwa kuwa njia za kule ni za mchanga na tambarare, mguu wake ukazoea badala ya pedi. Mdharau mwiba mguu huota tende, na huu mwiba tuliudharau wawili.

Mama yake Syombua aliishi Mbooni, juu kwenye baridi, kwenye mashamba ya matuta yanayopanda mlima kama ngazi. Alikuwa na jino lililokuwa likimnyima usingizi, na binti akapanda kwenda kumchukua ampeleke kwa daktari wa meno. Kupanda si shida. Waliposhuka, gari likiwa na mama, magunia mawili ya parachichi na friji zile, Syombua alikanyaga breki kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mguu ukachoka. Kufikia kona ya nne alikuwa anakanyaga kwa miguu miwili huku amejiinua kitini, na Nzou halisimami. Mwanamke yule ana akili. Aliona upande wa chini ni bonde na upande wa juu ni ukingo wa udongo, akalielekeza gari kwenye udongo, akalisugua pale mpaka likasimama.

Alivunjika kifundo cha mkono. Mama hakuumia, ila lile jino liligonga kiti cha mbele na likatoka lenyewe. Siku hiyo hakuna aliyecheka.

Nzou lilivutwa hadi Kitui, na watu wakajaa. Gari limekosa breki, na aliyegusa breki ni nani? Kila mdomo ulisema Mutisya. Kulikuwa na mwenye lori ambaye siku hiyohiyo alikuja kuondoa lori lake kwenye kibanda cha Mutisya. Mutisya alisimama kando na kitambaa chake cha mafuta mkononi. Aliniambia kwa sauti ndogo kwamba amerudia kila kitu kichwani na haoni alipokosea, na kwamba labda uzee umemfika. Mke wake alikuwa mgonjwa wakati ule, na kibanda ndicho kilichokuwa kikimtunza. Nilimfariji. Nilimwambia breki ni breki, zina siri zake.

Kisha nikafungua boneti, nia yangu ikiwa kuhakikisha altaneta yangu haikuumia. Nikaona kifungo changu chekundu, kimekaza paipu nyeusi isiyokwenda popote. Niliifuata kwa kidole kurudi nyuma, polepole, mpaka kwenye lile dude la duara mbele ya pedali.

Sasa vijana, hapa niwaambie ukweli. Hakuna aliyekuwa ananitazama, macho yote yalikuwa kwa Mutisya. Nilikuwa na kisu cha waya mfukoni. Kukata kifungo kile na kukitia mfukoni ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua, na Mutisya angebeba mzigo ule mpaka kaburini akidhani ni wake. Nilikitoa kisu. Siwezi kuwadanganya, nilikitoa kabisa na kukifungua. Niliona haya kwa kukishika kuliko nilivyoona haya kwa kosa lenyewe. Nikakirudisha, nikamwita Mutisya, nikawaita na wale watu, pamoja na yule mwenye lori.

"Si Mutisya," nikasema. "Ni mimi. Daktari alikuja akaniambia brake ni ngumu, na mimi sikuinuka."

Nikawaonyesha paipu, nikawaeleza inavyofanya kazi, polepole, mpaka mwenye lori naye akaelewa. Mutisya naye aliifuata kwa kidole. Akasema hata yeye aliiona siku ile na akaipita, kwa hiyo tugawane. Nilimwambia hatugawani kitu, kifungo ni chekundu. Akacheka kidogo, na hapo ndipo nilipolia, mbele za watu, mzee mzima. Tangu siku hiyo ule mpaka wetu ulikwisha. Alinifundisha breki, nami nikamfundisha kusoma mita, na tuliendelea kubishana kama kawaida.

Kwa Syombua nilienda mwenyewe, na yeye hakuwa mwepesi. Alinisikiliza mkono ukiwa kwenye plasta, akasema atafikiri. Wakati anafikiri, nilitafuta altaneta nyingine, na hili liwekeni akilini kwa sababu ni la kazi: zipo altaneta kubwa zinazokuja na pampu ya vakyumu mgongoni. Zinachukua muda kuzipata, lakini zipo. Ukikosa kabisa, kuna pampu za vakyumu zinazojitegemea, nazo unazifunga na kuzipima kabla gari halijaondoka uani. Kupima ni rahisi. Zima injini, kanyaga breki mara nne tano mpaka pedali iwe ngumu, uuache mguu juu yake, kisha uwashe. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu wako, msaada upo. Isiposhuka, gari hilo haliendi popote, hata mwenyewe akiwa na haraka ya arusi. Niliipata iliyo na pampu, na tukaifunga mimi na Mutisya, vichwa vyetu vikigongana chini ya boneti moja.

Mkono ulipopona Syombua alikuja kuchukua gari. Aliuliza swali moja: katika miaka yangu yote, nimewahi kupanda gari nililolitengeneza? Nikafikiri. Nilikuwa naliendesha kutoka kibandani hadi kwenye duka la chai na kulirudisha. Leseni ninayo, lakini safari ya kweli, hapana, magari ni ya wenyewe.

"Basi Jumamosi tunaenda Mbooni," akasema. "Mama anataka kukuona."

Nilienda nikiwa na asali chupa mbili na hofu ya kutosha. Mama yake alikuwa mfupi na mnyoofu, na alinisalimu kwa Kikamba kama mtu wa kwao. Alinipakulia muthokoi wa mahindi na maharagwe mpaka nikamwomba asiongeze. Nilijaribu kusema niliyoyapanga, nikamwita Mwaitu, yaani mama, nikaanza na kwamba nimemkosea sana. Akaniinulia mkono. Aliniambia jino lile lilikuwa limemtesa tangu mvua za mwaka uliopita, na kwamba mimi ni daktari mkali lakini mwenye kasi. Kisha akaacha mzaha, akasema alichoogopa siku ile si kufa, ni kuona mtoto wake amesimama juu ya pedali akimwomba Mungu kwa sauti. Hilo nalo nililipokea.

Tulipokuwa tayari kushuka, mama alichukua kikapu chake na kupanda nyuma, hakuulizwa. Syombua akaendesha. Kwenye kona ya kwanza alikanyaga breki kwa ncha ya kiatu, na Nzou likatulia. Kwenye ya pili vivyo hivyo. Kabla ya ile ya nne, ukingo ukiwa bado na kovu la bampa, alisimamisha gari, akazima injini, akashuka, akaja upande wangu na kufungua mlango.

"Sogea," akasema. "Sasa ni wewe. Mama yuko nyuma."

Nilimtazama nikidhani anatania. Hakuwa anatania. Nikasogea kwenye usukani, nikakanyaga breki mpaka ikawa ngumu, nikawasha, pedali ikashuka kidogo chini ya mguu wangu kama inavyotakiwa. Nikaweka gia ya kwanza na kuanza kushuka, upande mmoja bonde, upande mwingine udongo, na kila kona nikakanyaga mapema kuliko ilivyohitajika. Sikumbuki kona zilikuwa ngapi, nakumbuka shati langu liliganda mgongoni.

Chini kabisa, barabara ilipokuwa tambarare, nilisimama kando na kugeuka kumwambia mama kwamba tumefika salama. Alikuwa amelala fofofo.